Msimkabidhi msambazaji mmoja kazi zenu zote

Ndugu yangu, mkataba huo na msambazaji wa filamu na muziki usiutie saini. Salamu zitafuata siku nyingine, kwa sababu umeandika kwamba wakili wenu ameshausoma na kwamba mnakutana na msambazaji wiki ijayo, kwa hiyo muda uliobaki ni mdogo.

Umesema kampuni yenu ya hapa Kampala ina tamthilia za Kiganda, vichekesho vifupi, filamu ndefu chache na nyimbo za injili mlizorekodi studioni kwenu. Umeuliza kipi kiende YouTube na kipi kiende kwenye huduma za kulipia kwa mwezi, faili zipewe majina na namba za namna gani, kama manukuu ya Kiswahili, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, yana faida, na filamu moja ikodishwe kwa bei gani. Hayo ni maswali mazuri, lakini katikati yake umepitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: kwamba msambazaji huyo atachukua "katalogi yote, maeneo yote, kwa njia zote", kisha yeye mwenyewe ndiye atakayejua kipi kiwekwe wapi. Niliposoma hapo niliacha chakula mezani.

Kila kazi iwe na makubaliano yake, eneo lake na tarehe yake ya mwisho. Mtu asiyekubali sharti hilo, hata akiwa na ofisi Kololo na kahawa nzuri, mwacheni aende zake.

Mkataba niliousaini mimi ulikuwa wa namna hiyohiyo. Ulisema kwamba haki zote zinatolewa kwa upekee, yaani asizitumie mwingine yeyote, kwa njia za kurushia zilizopo sasa na zitakazobuniwa baadaye, katika ulimwengu mzima, na kwamba muda wake utajirefusha wenyewe iwapo sitatoa notisi ya maandishi siku 90 kabla haujaisha. Kwa hiyo, kisheria, nimeshauza haki ya kuonyesha tamthilia ya Kiganda kwenye sayari ya Mirihi, ingawa taarifa za mapato hazijawahi kutaja mtazamaji hata mmoja wa huko. Tunaendelea kusubiri.

Hasara ya kwanza haikuonekana kama hasara. Kabla ya kugawana chochote, msambazaji alikuwa na ruhusa ya kurudisha gharama zake: kubadilisha faili, kukagua ubora wa picha na sauti, kutengeneza mabango, kutangaza. Kila huduma ina masharti yake ya kiufundi, na mtu anayeyatimiza lazima alipwe, kwa hiyo sikulalamikia gharama zenyewe. Ubaya ulikuwa mahali pawili. Gharama hizo hazikuwekewa kikomo, na zilihesabiwa pamoja kwa kazi zote. Maana yake ni kwamba tamthilia yetu iliyokuwa ikipendwa, ambayo peke yake ingekuwa imeshamaliza deni lake na kuanza kutulipa, iliendelea kulipia gharama za filamu ambazo hazikutazamwa na mtu, zikiwemo mbili ambazo mimi mwenyewe nisingemshauri adui yangu azitazame. Kila robo mwaka nilipokea jedwali refu lenye rangi za kupendeza, na chini kabisa, katika safu ya mgao wetu, palikuwa na sifuri iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa.

Hasara kubwa ilikuja kwa sura ya bahati njema. Huduma moja ya kulipia kwa mwezi ilikuwa inatafuta tamthilia za Afrika Mashariki, na mnunuzi wake akaniandikia kwamba anaitaka tamthilia yetu moja tu, kwa Afrika tu, kwa miaka miwili, kwa malipo ya mkupuo yasiyotegemea idadi ya watazamaji. Anayeifahamu biashara hii anajua kwamba barua pepe kama hiyo haiji kila Jumatatu. Aliuliza mambo mawili. Kwanza, je, haki za Afrika ziko huru? Pili, je, nina nyaraka zote za mlolongo wa umiliki, yaani karatasi zinazoonyesha kwamba mwandishi, waigizaji na mtunzi wa muziki wamenikabidhi haki zao? La pili ningeweza kulikamilisha kwa kukimbia huku na huku kwa bodaboda. La kwanza jibu lake lilikuwa hapana, na aliyekuwa ameshika hiyo hapana ni msambazaji wangu.

Nilimwomba aitoe kazi hiyo moja kwenye mkataba. Akajibu kwa upole kwamba hakuna kipengele cha kutoa kazi moja, ila anaweza kufanya mazungumzo yeye mwenyewe kwa niaba yangu na kukata asilimia yake. Wakati akifanya mazungumzo hayo kwa mwendo wa kinyonga, mnunuzi aligundua kwamba msimu wote wa kwanza ulikuwa tayari umewekwa bure kwenye chaneli yenye matangazo, tena na msambazaji huyohuyo, ambaye alikuwa ameona ni vyema "kujenga hadhira". Mnunuzi akaaga. Simlaumu, kwa kuwa hakuna anayelipia upekee wa kitu ambacho jirani yake anakitazama bure kwenye simu. Mpangilio wa filamu na tamthilia huanza kwa anayelipa zaidi na kumalizia kwa asiyelipa kitu: kwanza televisheni au huduma ya kulipia, kisha kukodi au kuuza moja moja kama soko hilo lipo, na mwisho kabisa YouTube ya bure yenye matangazo. Ukianzia mwisho, huwezi kurudi mwanzo.

Niendelee, kwa sababu bado kuna Content ID. Huo ni mfumo ambao YouTube imekuwa nao tangu 2007. Mwenye haki hupakia nakala ya kazi yake, na mfumo huilinganisha nakala hiyo na kila video inayopakiwa. Ikifanana, anaweza kuizuia, kuifuatilia tu, au kuchukua mapato yake ya matangazo. Msambazaji alipakia vipindi vyetu vyote kwenye mfumo huo kwa jina la akaunti yake, lakini hakujishughulisha kuiorodhesha chaneli yetu miongoni mwa chaneli zilizoruhusiwa. Asubuhi moja nikafungua chaneli yetu na kukuta kipindi baada ya kipindi kina dai la hakimiliki, na mapato yanaelekea kwake, ambako yangekatwa gharama kwanza. Nikapinga. Mwenye dai hupewa siku 30 za kujibu pingamizi, naye akazitumia kama mtu aliyezilipia. Kwa hiyo nilikaa nikimwandikia wakala wangu mwenyewe, kupitia fomu ya kampuni ya Marekani, nikithibitisha kwamba sauti inayobishaniwa ni ya mke wangu akiigiza jikoni kwetu Kireka, na kwamba hata sufuria zinazosikika nyuma ni zetu. Muulizeni msambazaji wenu nani atapakia nakala hizo, kwa akaunti ya nani, na ataziondoa lini mkataba ukiisha. Kama hana jibu lililoandikwa, hana jibu.

Naomba nimtaje bila jina yule mtaalamu wa semina aliyetuweka hotelini siku nzima akitufundisha kwamba "maudhui lazima yawe kila mahali kwa wakati mmoja". Alikuwa na slaidi nzuri na bilauri ya juisi isiyoisha. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anaeleza biashara ya muziki bila kujua kwamba anaeleza muziki peke yake. Wimbo kweli huwekwa kila mahali: Spotify, ambayo ilifika Uganda mwaka 2021, pamoja na Apple Music, Boomplay na YouTube, zote kwa siku moja na bila upekee kwa yeyote, kwa kuwa msikilizaji hahami huduma kwa ajili ya wimbo mmoja, akiukosa alipo, anasikiliza mwingine. Kwa hiyo nyimbo zenu za injili msambazaji anaweza kuzichukua bila kuwadhuru, almradi mkataba usiwe wa upekee wa milele. Hakikisheni tu kwamba kila rekodi ina namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12, na kwamba orodha ya namba hizo mnayo ninyi. Namba hiyo hukaa na rekodi hata ikibadilisha mmiliki. Mkihama kwa msambazaji mwingine na kuziandikisha nyimbo upya kwa namba mpya, hesabu ya wasikilizaji inaweza kuanza sifuri. Na tangu 2024 Spotify haiulipi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa katika miezi 12, kwa hiyo kugawanya hesabu ya wimbo mmoja mara mbili ni kujiibia.

Wakili wangu pia anastahili neno. Aliusoma mkataba wote, akasahihisha tahajia ya jina la kampuni, akahakikisha mhuri uko mahali pake, na akanitoza. Ni mtu hodari sana wa kesi za viwanja. Nilimwambia baadaye kwamba angetumia ujuzi huohuo wa viwanja angeniokoa, kwa sababu haki za filamu zinafanana na ardhi ya mailo hapa Buganda: mmoja ana hati, mwingine ana kibanja, yaani haki ya kukaa na kulima hapo, na amepanda migomba yake, na anayeuza bila kujua nani anakaa juu ya ardhi huuza kesi.

Ndiyo maana kabla ya kukutana na mtu yeyote nawaomba mkae na kutengeneza daftari la haki, hata la karatasi. Mstari mmoja kwa kila kazi, na kwa tamthilia mstari kwa kila msimu. Andikeni nani mwandishi, nani mtunzi wa muziki, karatasi zao za kukabidhi haki ziko faili gani, kazi imetolewa kwa nani, eneo gani, kwa njia gani, kwa upekee au la, hadi tarehe gani, na baada ya tarehe hiyo inaenda wapi. Mstari mmoja usomeke, kwa mfano, kwamba msimu wa kwanza uko kwenye huduma ya kulipia, Afrika peke yake, kwa upekee, hadi 30 Juni 2027, na kwamba Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, waliko ndugu zetu wengi, bado ziko wazi. Mkishaona mistari hiyo yote mezani, swali lako la kipi kiende wapi litakuwa limejijibu nusu yake.

Daftari hilo litawaonyesha pia msichokimiliki. Kama kuna vipindi mlivyotengeneza kwa kuagizwa na kituo cha televisheni, someni barua ya kuagizwa kwanza, maana chini ya Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, kazi iliyoagizwa huwa ya aliyeiagiza isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Na kama kwenye kabati lenu kuna filamu za nje zilizotafsiriwa na VJ, yule msimulizi anayezitafsiri kwa sauti yake juu ya picha, hizo msizitaje hata kwa utani. Kibanda cha video kilisamehe; Content ID haisamehi.

Simaanishi kwamba msambazaji huyo ni mwizi. Mpeni nyimbo, mpeni na vichekesho vya zamani ambavyo hakuna mnunuzi wa upekee atakayevitaka, na kwa tamthilia mwambieni mkataba uwe na kiambatisho kinachotaja kazi moja moja. Gharama za kila kazi zihesabiwe peke yake na ziwe na kikomo, mkataba usijirefushe wenyewe, na muda ukiisha awe na siku zilizotajwa za kushusha kila kitu. Muulizeni pia kuhusu kodi: tangu Juni 2021 YouTube hukata kodi ya Marekani kwenye mapato ya watazamaji wa Marekani, na kwa kuwa Uganda haina mkataba wa kodi na nchi hiyo, makato hufika asilimia 30. Mjue kama kiwango anachowagawia ni cha kabla au cha baada ya makato hayo.

Naona nimeandika mengi na bei ya kukodi sikuigusa. Kuna wenzetu kwenye biashara hii wanaouza moja moja, watakujibu vizuri kuliko mimi. Kuhusu manukuu ya Kiswahili, ndiyo, yatengenezeni, maana Mganda anayezungumza Kiganda hayahitaji lakini mtazamaji wa Nairobi, Dar es Salaam na Goma anayahitaji. Yawe kwenye faili lake la pembeni, yasichomwe juu ya picha, kwa sababu mnunuzi akitaka picha safi na mkawa hamna, mtalazimika kurudi kwenye hadisiki za zamani, na hadisiki za zamani, kama zetu, huwa zimeazimwa na mtu aliyehamia Mbarara.