Jibu: Usaili wa tatu umepita, wiki ya sita kimya. Nisubiri?

Mkuu, subiri, ila usikae bure ukisubiri. Mimi kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar ilinizungusha miezi minne na nusu. Mtihani wa kuandika, usaili wa simu, kisha jopo la watu watano, na mmoja wao muda wote alikuwa anachezea simu. Baada ya hapo kimya kabisa. Wiki ya saba wakaniita tena "kuonana na mkurugenzi", ambaye alikuwa safarini, nikarudi Mbagala na nauli yangu imeungua.

Kilichonisaidia ni kumwandikia afisa rasilimali watu barua pepe ya mistari mitatu: nafasi niliyoomba, tarehe ya usaili, na swali moja tu, lini uamuzi unatarajiwa. Alijibu kesho yake. Kumbe bajeti ya nafasi ilikuwa bado haijapitishwa, mimi huku nalala najilaumu kwamba nilijibu vibaya swali la mshahara!

Halafu umeuliza pia kama uache kazi yako ya sasa kwa sababu "wamesema niko vizuri": hapana, ndugu yangu. Maneno ya mdomoni si mkataba. Kwa sheria ya ajira ya 2004, anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi ya angalau siku 28, kwa hiyo ukishasaini kule muda wa kuaga utaupata. Wakikuambia upime afya au wakiwapigia wadhamini wako, hapo mambo yanasogea. Mimi hata baada ya vipimo nilikaa wiki tatu.