Safari ya Malta: Anza na Kilicho Adimu

Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanakifahamu kisiwa cha Malta kwa jina la Melita, mahali ambapo meli iliyokuwa ikimpeleka Mtume Paulo Roma ilivunjika. Nilikwenda huko mara ya kwanza nikitokea Dar es Salaam, kwa tiketi ya ndege niliyoikimbilia kwa sababu tu nauli ilikuwa imeshuka, na kupanga safari kwa kufuata nauli ndiko kulikonikosesha jambo nililolitamani kuliko yote.

Jambo hilo ni Hypogeum ya Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa ndani ya mwamba katika mji wa Paola zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, na ambayo yaligunduliwa mwaka 1902 na mafundi waliokuwa wakichimba matangi ya maji. Kwa kuwa pumzi na joto la watu huharibu michoro myekundu iliyo kwenye dari, wanaoingia ni 10 tu kwa kila zamu, na tiketi huweza kumalizika wiki nyingi kabla. Nilifika mlangoni, nikaelezwa kwa upole kwamba nafasi zote za juma lile zimekwisha, nikaondoka na huzuni ambayo sikuificha.

Safari ya pili nilianza na tiketi hiyo, nikafuata viza, na ndege nikailipia mwisho. Najua kuna anayehofia kununua tiketi ya makumbusho kabla ya kupata viza, lakini hata ukinyimwa, hasara yake ni ndogo mno ikilinganishwa na nauli iliyopotea.

Malta imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu mwaka 2007. Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe kupita siku 15 kabla yake, bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000, na pasipoti iendelee kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka. Usingoje dakika za mwisho, kwani miadi ya kuwasilisha maombi nayo hugombaniwa, hasa majira ya kiangazi cha Ulaya yanapokaribia. Kwa hakika Julai na Agosti ningeziepuka kabisa: jua huakisiwa na kuta za mawe ya chokaa mpaka macho yanauma. Aprili, Mei na Oktoba zinafaa zaidi.

Kutoka Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Mimi nilipitia Istanbul, na nashauri uache saa 3 au zaidi za kuunganisha, kisha siku ya kwanza usijipangie ziara yoyote. Mwili uliochoka hauoni kitu, na ni dhuluma kusimama kwa usingizi mbele ya mchoro wa Mwitaliano Caravaggio wa mwaka 1608 katika kanisa la Mtakatifu Yohana mjini Valletta, mchoro pekee aliowahi kuutia sahihi yake. Kisiwa cha Gozo kitengee siku nzima. Kivuko kutoka bandari ya Ċirkewwa, kwenye kisiwa kikuu cha Malta, huchukua takribani dakika 25.

Mengine yasikutishe. Waingereza walitawala Malta hadi mwaka 1964, hivyo magari hupita kushoto na chaja yako ya pini tatu itaingia ukutani bila shida. Hata lugha haitakuwa ngeni moja kwa moja, maana Kimalta kimetokana na Kiarabu. Asubuhi moja nilinunua pastizzi, kitafunwa cha Kimalta kinachofanana na sambusa, cha njegere, kwa mama mmoja mzee, nikampa noti ya euro 10, naye akaniwekea sarafu moja moja kiganjani, akihesabu kwa sauti: sitta, sebgħa, tmienja. Kabla hajamaliza nikamtangulia, nikasema “tisa”. Akaniangalia usoni, akatabasamu, akaitikia: “Disgħa.”