Magurudumu yanasumbua? Usikimbilie kununua pampu

Maswali ya safari hii yote yanahusu ndege za kujiundia zinazokunja magurudumu kwa haidroliki, na mengi yametoka kwa wenye Lancair 320 na 360, zile za faibaglasi za watu wawili. Tukumbushane kwanza: pampu ya umeme husukuma oili kwenye silinda tatu, na magurudumu yakishapanda hakuna ndoano inayoyashika huko juu. Yanashikwa na presha peke yake.

Nikiwa angani pampu inajiwasha kila baada ya dakika chache. Zamani haikuwa hivyo. Rafiki yangu ananishauri ninunue mpya. (Msomaji, Ohio)

Subiri kwanza, ndugu yangu. Pampu yako inafanya kazi yake: swichi ya presha ikiona presha imeshuka, inaiwasha ili irudishe. Cha kutafuta ni presha inakopotelea. Ingekuwa inajiwasha mara mojamoja unapopanda kwenye baridi, ningekwambia ulale usingizi, maana oili ikipoa husinyaa. Lakini kila dakika chache? Kuna mahali inapita, na kama nje ni kukavu, basi inapita ndani kwa ndani.

Inua ndege kwa jeki, kunja magurudumu, kata umeme wa pampu, kisha itazame geji ya presha. Presha ikishuka, mshukiwa wa kwanza ni valvu ya dharura, ile unayoifungua ili magurudumu yaanguke yenyewe. Chembe moja ya uchafu ikinasa kwenye kikalio chake, pale valvu inapokaa ikijifunga, haifungi sawasawa. Ikiwa nzima, shusha magurudumu, toa presha yote, ziba paipu za silinda moja kwa vizibo vya chuma, urudie jaribio. Gurudumu hilo litabaki chini, mengine yatapanda. Presha ikitulia sasa, umempata mwizi: ni oringi, ile pete ya mpira ya kuzuia oili isipite, ya pistoni ya silinda uliyoiziba. Endelea hivyo moja baada ya nyingine. Silinda zote tatu zikiwa zimezibwa na presha bado inashuka, hapo ndipo unaweza kuishuku valvu ya kuzuia oili isirudi, iliyomo kwenye pampu yenyewe. Wengi hununua pampu bila kupita hatua hizi, kisha wanarudi palepale wakiwa na oringi ileile iliyochakaa.

Na mikono yako iwe mbali kila umeme unapowashwa. Magurudumu hayo hayasubiri mtu atoe vidole.

Kwenye jeki yanapanda vizuri, angani yanajikokota na mara nyingine yanaishia njiani. (Msomaji, Texas)

Karakanani hayapambani na upepo, na huenda ulikuwa umeunganisha chaja. Pima volti kwenye vituo vya mota pampu ikiwa inazunguka. Kuipima betri peke yake hakukuambii kitu. Volti zikianguka sana, fuata nyaya. Faibaglasi haipitishi umeme, kwa hiyo mota inategemea waya wake wa ethi urudi hadi kwenye betri, na kituo kimoja chenye kutu kinatosha kuichosha. Tazama pia midomo ya rilei, ile swichi ya umeme inayoiwasha mota, kama imeungua. Umeme ukiwa safi, ndipo uangalie swichi ya presha isije ikawa inakata mapema, na kama unakunja magurudumu ukiwa tayari umezidisha kasi.

Oili imepungua. Naweza kuongezea mafuta ya breki ya gari?

Hapana, hata tone. Mfumo huu hutumia oili nyekundu ya MIL-PRF-5606, na oringi zake ni za mpira wa naitrili. Mafuta ya DOT 3 au DOT 4 huzivimbisha na kuziharibu. Ukishakosea, ni kufungua kila kitu, kusafisha na kubadilisha oringi zote.

Kiungio kimoja kinatoa jasho la oili. Nimekaza mpaka nati inalia.

Legeza, dada, kabla hujaipasua. Viungio vya ndege vimechongwa kwa pembe ya nyuzi 37, vya magari ni 45. Ukivichanganya havitakaa hata ukaze vipi. Usizungushie ile tepu nyeupe ya mabomba, vipande vyake huishia kwenye valvu. Ukitafuta panapovuja presha ikiwa juu, pitisha kipande cha kadibodi, kamwe si kidole: oili ya presha hupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Taa moja ya kijani, ya kuonyesha gurudumu limefunga chini, haiwaki, nami najiandaa kutua.

Badilishana balbu na ya jirani. Ile isiyowaka ikiwaka huko kwa jirani, balbu ni nzima: shuku swichi ndogo ya gurudumu hilo au nyaya, lakini ukiwa angani hesabu kwamba gurudumu halijafunga. Isipowaka hata huko, tatizo ni balbu. Punguza kasi, fuata kitabu cha ndege yako, kata pampu, weka lever ya magurudumu chini na ufungue valvu ya dharura. Gurudumu la mbele likiwa linashuka dhidi ya upepo, hutegemea springi ya gesi, nayo huisha nguvu taratibu bila kukuambia. Kwa hiyo kila ukaguzi wa mwaka, ndege ikiwa kwenye jeki, shusha magurudumu kwa valvu hiyo pekee. La mbele likisita hata kidogo, badilisha springi kabla hujaruka tena.