Nianze na somo lipi la kuandika programu?

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kujifunza kuandika programu za kompyuta, lakini masomo yaliyomo kwenye intaneti ni mengi hata nashindwa kuchagua. Nimeanza matatu na kuyaacha yote. La mwisho, la lugha ya Python, lilinivunja moyo zaidi, kwani nilinakili mstari wake wa kwanza, print "Habari", herufi kwa herufi, na kompyuta ikaukataa. Sina fedha za kulipia kozi, na hisabati yangu ni ya wastani. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kosa halikuwa lako. Mstari huo ni wa Python 2, toleo la zamani la lugha hiyo ambalo watunzaji wake waliacha kulihudumia tarehe 1 Januari 2020, ilhali kompyuta yako bila shaka ina Python 3, iliyotoka mwaka 2008, ambayo hudai maneno hayo yawekwe ndani ya mabano: print("Habari"). Somo lako lilikuwa limechakaa. Kwa hiyo, kabla ya kutazama sifa ambazo somo limemwagiwa, angalia limeandikwa kwa toleo lipi na limerekebishwa lini.

Kwa kuwa umekwisha kuigusa Python, ningekushauri ubaki nayo. Chuo Kikuu cha Harvard kinatoa bila malipo kozi iitwayo CS50P, inayofundisha lugha hiyo kwa mtu ambaye hajawahi kuandika programu, ikiwa na video na mazoezi ya kila juma. Mazoezi hayo si mepesi, na ndiyo sababu yanafaa. Ikiwa shabaha yako ni kutengeneza tovuti, freeCodeCamp, tovuti ya masomo ambayo pia ni ya bure, itakufaa zaidi, kwa sababu unaandika na kusahihishwa ndani ya kivinjari bila kusakinisha chochote. Mwongozo rasmi wa Python ni mzuri, lakini umeandikwa kwa watu wanaojua tayari lugha nyingine, hivyo uuweke kwa baadaye.

Chagua moja kati ya hizo mbili, usichukue zote. Hisabati isikutishe, maana kujumlisha, kulinganisha namba na kufikiri kwa mpangilio vinatosha kwa miezi ya mwanzo. Kinachowakwamisha wengi, nijuavyo mimi, ni kutazama video mfululizo wakidhani wanajifunza. Kila baada ya mfano, ufunge, uuandike upya kwa kukumbuka, kisha ubadilishe kitu kimoja uone kinachotokea.

Programu ikikataa tena, anza kusoma mstari wa mwisho wa ujumbe wa hitilafu, ambapo Python hutaja aina ya kosa, ndipo upande juu kutafuta namba ya mstari wenye tatizo. Urudie hata ule mfano wako wa zamani: matoleo ya sasa yatakuambia waziwazi kwamba mabano hayapo.