Usimuue mtu Desemba kabla hujajua jua linachomoza saa ngapi

Mkuu mleta mada, futa sentensi yako ya kwanza. Futa sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Umetuwekea kipande cha riwaya yako, kamji ka Kiruna huko juu kabisa Sweden, "tarehe 20 Desemba, saa 12 na nusu asubuhi, jua lilikuwa linachungulia nyuma ya mlima maiti ya mwalimu ilipoonekana uchi kwenye theluji". Halafu chini umeuliza sura ziwe ngapi, wahusika uwape majina gani, na uuze PDF kwa WhatsApp au utafute mchapishaji. Watu wamekujibu vizuri tu na makofi wamekupigia. Mimi nilivyoliona hilo jua tumbo likanikata.

Kiruna tarehe 20 Desemba hakuna jua, bana. Sisemi limefunikwa na mawingu, nasema halichomozi. Kuanzia kama tarehe 10 Desemba mpaka siku za mwanzo za Januari linabaki chini huko, kwa sababu mji wenyewe uko kama kilomita 145 kaskazini mwa Duara la Aktiki na miezi hiyo dunia imeinamia upande mwingine. Wanachopata ni kimwanga cha bluu hivi, kama wetu wa magharibi baada ya adhana, kinaanza kwenye saa 3 asubuhi na kwenye saa 8 mchana kimeisha. Saa 12 na nusu asubuhi ni usiku. Sasa huyo aliyeiona maiti kaiona kwa nini, kwa tochi? Kama ni tochi andika tochi.

Na usidhani nayajua haya kwa sababu nimesoma sana. Nimeyanunua. Milioni 2 na laki 9, taslimu.

Ngoja nikusimulie maana nakuona kabisa unapita njia ile ile. Mwaka 2022 nilimaliza riwaya yangu, na yangu pia ilikuwa Kiruna, sikuwahi kufika, nilikuwa nimeangalia video tu nikapenda jinsi mji ulivyo na mgodi wa chuma pembeni na watu wenyewe wachache, nikasema hapa ndipo pa kuua mtu. Fundi wa mgodini anauawa. Shahidi pekee ni bibi mmoja anayekaa jirani na kanisa, na huyo bibi hakumwona muuaji, aliona kivuli. Saa 1 asubuhi kivuli kirefu kikafika kwenye kona kabla ya mwenyewe kufika. Mshukiwa kaapa polisi kwamba alikuwa anatembea kuelekea mashariki, jua linamchoma machoni. Basi sura ya 28 mpelelezi wangu anakaa na kikombe cha kahawa anagundua: kama kivuli kilimtangulia, jua lilikuwa mgongoni, kwa hiyo alikuwa anaelekea magharibi, anatoka kwa marehemu. Nililia nilivyoiandika hiyo sura, sikudanganyi. Mke wangu aliniuliza nani kafa.

Na sikiliza hapa ndipo panaponiuma. Mwanzo kabisa niliandika mauaji yametokea tarehe 20 MACHI. Machi! Machi kule theluji bado imejaa, baridi ipo ya kutosha, na jua linachomoza karibu na saa 12 kama kwetu. Kwa kubahatisha tu, bila kujua chochote, nilikuwa nimepatia. Kila kitu kilikaa sawa, kivuli, bibi, kona, vyote.

Ndipo nikajiunga na kozi ya uandishi ya jamaa mmoja, simtaji, group la WhatsApp, laki 5 ikiwemo na kuhaririwa mswada. Yule bwana alikuwa kila asubuhi anatuma voisi ya dakika kumi na moja kuhusu "kuamsha simba wa ndani". Akasoma muhtasari wangu (muhtasari, siyo kitabu, hilo nilikuja kulijua baadaye) akaniambia Machi haiuzi. Weka Desemba. Krismasi, taa, familia, watu watalia. Nikamwambia sijui mazingira ya Desemba kule yakoje, akanijibu neno ambalo nikifa liandikwe kwenye kaburi lake siyo langu: "Baridi ni baridi, msomaji wa Mbagala ataenda kupima?" Eti utafiti ni wa watu wa masta, sisi tunauza hisia.

Basi mimi kama kondoo nikafungua kompyuta, nikatumia ile ya tafuta na badilisha, kila penye Machi iweke Desemba. Dakika moja. Kitabu chenyewe kinahusu mgodi, kwa hiyo neno machimbo lilikuwa limejaa kila ukurasa. Yote yakawa "Desembambo". Ukurasa wa 14 mpelelezi anashuka kwenye treni anatazama "Desembambo ya chuma yaliyoujenga mji huu". Na mhariri wa laki 5 akaurudisha mswada kasema safi, ameongeza mikato. Mikato! Desembambo kaiona wapi huyo, hakufungua hata faili. Nikapeleka kwa mpiga chapa, nakala 300, elfu 8 kila moja, piga hesabu.

Nikauza 40 na kitu hivi, nyingi kwa ndugu. Moja ikafika Sweden kwenye begi la mtu, ikaangukia kwa kaka mmoja Mkongo, mtu wa Bukavu, anakaa huko huko kaskazini anafanya kazi ya kutunza wazee. Akatafuta namba yangu akanitumia voisi, ana heshima zake kabisa: "Mutunzi, kitabu yako iko muzuri, lakini hii jua uliitosha wapi? Siye huku jua tunaionaka mwezi ya kwanza." Akaambatanisha picha ya dirisha lake saa 5 asubuhi, Desemba. Bluu tupu. Hakuna kivuli cha mtu, hakuna cha paka.

Nilikaa kitandani kama saa nzima. Riwaya nzima imesimama juu ya kivuli, neno kivuli liko mpaka kwenye jalada, na mahali penyewe hapana jua la kutengeneza kivuli.

Nikajaribu kuiokoa. Nikasema basi iwe ni mbalamwezi, maana nilisikia mwezi mpevu wa Desemba kule juu unazunguka angani siku kadhaa bila kuzama, na ni kweli. Nikafurahi siku mbili. Halafu nikakaa na karatasi nikachora: mwezi mpevu uko upande wa pili wa jua, kwa hiyo saa 1 asubuhi unakuwa magharibi, kivuli kinaelekea mashariki. Kama kivuli kilimtangulia basi jamaa alikuwa anaelekea mashariki kweli kama alivyoapa. Yaani kwa mbalamwezi mshukiwa wangu anasema ukweli na mimi nimemfunga maisha mtu asiye na hatia kwa kurasa 240. Nikaacha.

Nimejiuliza sana kwa nini mimi mtu mzima sikushtuka, na nimegundua ni saa yetu. Sisi saa yenyewe imefungwa kwenye jua. Jua likitoka siku imeanza, unahesabu saa 1, saa 2, likizama unaanza upya. Ukiandika "saa 12 asubuhi" mkono wenyewe unaongeza jua, hauulizi. Sasa nenda nayo Kiruna Desemba uone, "saa 5 asubuhi" ni alfajiri isiyofika, na Juni unaambiwa saa 6 usiku na jua hilo hapo limekutolea macho. Kwa hiyo sheria yangu ni moja tu na nitairudia mpaka mnichoke: KABLA HUJAMUUA MTU, CHORA JEDWALI. Tarehe, jua linatoka saa ngapi na kuzama saa ngapi, mwanga unaanza saa ngapi, mwezi uko wapi, nyuzi ngapi za baridi. Ni bure, kurasa za kupiga hesabu za jua zimejaa mtandaoni, weka jina la mji na siku, na hali ya hewa SMHI, ile mamlaka yao ya Sweden, wanaweka takwimu za vituo vyao wazi. Jioni moja tu. Mimi nilinyimwa jioni moja na mtu wa simba wa ndani.

Mengine nayapitisha fasta. Maiti yako iko uchi na naona unaelekea kwenye ubakaji. Angalia. Mtu akizidiwa na baridi kali hufika mahali akajihisi anaungua akavua nguo mwenyewe, ni jambo linalojulikana na polisi wa kule wanalijua, mpelelezi wako akilirukia fasta wasomaji watamcheka. Au litumie, acha mji mzima useme amebakwa halafu daktari awanyamazishe. Muda wa kufa nao usiutaje kwa dakika kama nilivyofanya mimi, maiti iliyoganda saa zake zinasimama, inabidi iyeyushwe polepole kwanza, inachukua siku, na uchunguzi wenyewe unaenda kufanyiwa Umeå, safari ya kilomita kama 600. Halafu daktari wa kwenye riwaya yangu alishika mkono wa mtu aliyeganda akasema "amekufa". Kule hawasemi hivyo kirahisi. Mwaka 1999 daktari mmoja, Anna Bågenholm, alinasa chini ya barafu karibu na Narvik upande wa Norway dakika 80, joto la mwili likashuka mpaka nyuzi 13.7, wakampasha moto hospitali ya Tromsø, akapona akarudi kazini. Kwa hiyo ukiua kwa baridi, ua vizuri.

Usimfukie mtu kwa jembe, ardhi imeganda kama zege, muuaji wangu alichimba kaburi nusu saa peke yake. Na watoto wasirushiane matonge ya theluji kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, ni kavu kama unga, haishikani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ushahidi mzuri ulikuwepo bure na mimi nilihangaika na kivuli. Yule kaka wa Bukavu alinipa kwa voisi mbili zaidi ya kozi nzima. Magari kule usiku yanachomekwa waya wa umeme kupasha injini, sasa gari ambalo halikuchomekwa usiku wa mauaji si tayari una swali? Viatu vinavuliwa mlangoni, hesabu jozi. Mgodi unalipua baruti usiku wa manane na watu mjini wanausikia mtikisiko wamelala, piga risasi muda huo nani atashtuka. Simu inakufa chaji mfukoni kwa baridi bila mtu kuizima. Tarehe 3 Januari 2024 kuna sehemu huko kaskazini, Kvikkjokk, ilifika nyuzi 43.6 chini ya sifuri, siku kama hiyo treni na mabasi vinasimama, muuaji hana pa kutorokea, mpelelezi naye hana pa kwenda. Vyote hivyo nilivikosa kwa ajili ya taa za Krismasi.

Na kama utaweka kanisa angalia mwaka. Mji unahamishwa kwa sababu mgodi unakula ardhi chini yake, na Agosti 2025 lile kanisa lao la mbao la mwaka 1912 lilibebwa zima zima kilomita 5. Bibi yangu alikuwa anachungulia kivuli jirani na kanisa. Nilikosea jua, sasa na kanisa limenikimbia.

Ulivyouliza vile vingine, sura, sijui, mimi nilikuwa nazo 31 na hazikunisaidia kitu. Majina nimesahau ulitakaje. Rudisha mauaji Machi halafu tuongee.

Nakala ninazo 200 na ushee uvunguni, nyingine shangazi anafungia karanga. Ukitaka moja uone Desembambo kwa macho yako njoo PM, ya basi unalipa mwenyewe.