Seva Kuukuu Inayokula Umeme Usiku Kucha

SWALI: Shikamoo Fundi. Nina seva niliyopewa ofisini walipokuwa wanabadilisha mitambo. Ina prosesa mbili, vibao vinane vya RAM, diski sita na kadi ya picha. Naitumia kuhifadhi picha za familia, kuweka nakala za kompyuta zetu na kuonyesha filamu kwenye televisheni. Iko stoo na haizimwi. Tangu niiwashe uniti zinakwisha haraka, mpaka mume wangu ameanza kuinunia. Nimeshusha kasi ya prosesa lakini sioni tofauti. Nifanye nini? Au niachane nayo ninunue kompyuta ndogo?
Mama wa Stoo yenye Joto

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiachane nayo bado. Na hiyo kasi ya prosesa irudishe ilipokuwa, nitakueleza sababu.

Kwanza tafuta kipima umeme, kile kidude kinachochomekwa kwenye soketi kisha plagi ya seva ikaingia juu yake. Bila hicho tutakuwa tunapapasa gizani. Iache seva iwake nusu saa bila mtu kuitumia, ndipo usome wati. Namba hiyo ya kukaa bure ndiyo inayokumaliza, maana seva ya nyumbani hukaa bure karibu siku nzima. Usishtushwe na namba iliyobandikwa kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachoilisha seva umeme. Ile ni uwezo wake wa juu, si umeme inaokula. Kisha shika hesabu moja tu: kila wati inayowaka mwaka mzima bila kuzimwa ni uniti 8.76.

Seva yangu mwenyewe, ndugu wa hiyo yako, ilisoma wati 118 ikiwa haina kazi. Zidisha uone: uniti 1,034 kwa mwaka, kwa mashine iliyokuwa inangoja tu mtu afungue picha. Roho iliniuma. Jioni ile niliitoa nikaiweka mezani, nikawa nazima, nachomoa waya wa umeme, natoa kitu kimoja, nawasha tena, nasoma.

Kadi ya picha ndiyo iliyotangulia. Kipima kikashuka hadi 98. Kadi ile haikuwa imeunganishwa na skrini yoyote kwa miaka, lakini nilipoitoa ilikuwa bado ya moto mkononi. Joto lote hilo lilikuwa uniti zangu. Mazabodi nyingi za seva, yaani zile bodi kuu za ndani, zina kitoa picha chao kidogo, kwa hiyo huenda yako itawaka vizuri bila kadi. Jaribu uone.

Zikafuata diski. Diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 hula wati 4 mpaka 8 kwa kule kuzunguka tu, iwe imejaa au tupu. Mimi nilikuwa na nne ndogo ndogo. Nilihamishia kila kitu kwenye moja kubwa, nikabaki na wati 80. Wewe mwenye sita utapata nafuu zaidi. Ila nakusihi, ukishahamisha usizifute zile za zamani. Zihifadhi kabatini zikiwa na nakala ya picha zako, kwa sababu diski moja ikifa inaondoka na kila kitu, na picha za watoto hazipigwi mara ya pili.

Wati nyingine 10 zilitoka kwenye kadi ya RAID, ile inayounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Hapa nenda taratibu sana. Kama diski zako zimeunganishwa kupitia kadi hiyo, ukiichomoa zinaweza zisisomeke kabisa mahali pengine. Nakili kwanza, fungua faili kadhaa kwenye nakala uhakikishe zinafunguka, ndipo uiguse.

Mpaka hapo nilikuwa nimefika 70, na kilichonishangaza ni kwamba punguzo lililofuata halikuhitaji bisibisi. Niliingia kwenye BIOS, ule ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa mashine inapoanza kuwaka, nikakuta usingizi wa prosesa, yale madaraja yanayoandikwa C-states, umezimwa. Seva za ofisini huwekwa hivyo mara nyingi ili zijibu haraka muda wote. Nilipouruhusu, kisha nikaendesha powertop, programu ya kupunguza ulaji wa umeme kwenye Linux, mfumo unaoendesha seva yangu, na kukubali mapendekezo yake, kipima kilisoma 54.

Sasa turudi kwenye kasi. Ulipoishusha hukuona tofauti kwa sababu prosesa isiyo na kazi tayari imejishusha yenyewe. Kazi inapokuja, prosesa ya polepole inaimaliza kwa muda mrefu zaidi, na muda wote huo diski, RAM na feni ziko macho zinakula. Ni sawa na kupiga pasi: afadhali ipate moto, unyooshe nguo zote mara moja, uzime. Iache prosesa ikimbie, imalize, ilale.

Hiyo prosesa ya pili, kwa matumizi uliyoniandikia, huihitaji. Kuitoa kunaweza kukuokolea wati kumi na kitu, lakini fahamu kwamba nafasi za RAM zilizo upande wake, na pengine baadhi ya nafasi za kadi, zitakufa nayo. Basi vibao vyote utakavyobakiza viwe upande wa prosesa ya kwanza. Viwili au vinne vinakutosha. Soketi itakayobaki wazi ifunikwe na kifuniko chake. Vile vipini vya ndani vikipinda umeharibu mazabodi.

Kama kwa nyuma ina pawa saplai mbili, chomoa moja. Ofisini ziliwekwa mbili ili moja ikifa kazi isisimame. Nyumbani unalisha mbili kwa kazi ya moja. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe, hata ikiwa imechomolewa, kwani ndani yake hubaki umeme wa kumdhuru mtu.

Kilichonichukua siku nyingi ni kuilaza diski. Niliipangia ilale baada ya dakika 5 bila kazi nikadhani nimemaliza. Usiku nikaisikia. Diski ikiamka ina sauti yake, mlio mwembamba unaopanda, kisha tik, tik. Nilikaa stoo na saa mkononi: inalala, dakika chache, mlio, tik, tik. Nilipofungua rekodi yake ya ndani nikaona inaamka zaidi ya mara 100 kwa siku. Hapo faida ya kulala inapungua, maana kila kuamka huvuta wati 20 au zaidi kwa sekunde kadhaa, na diski yenyewe inachakaa. Walioiamsha walikuwa wawili: programu iliyokuwa inapekua albamu ya picha kila mara, na mfumo wa Linux uliokuwa unaandika kumbukumbu za shughuli zake kwenye diski hiyo hiyo. Programu niliipangia ipekue mara moja kwa siku. Mfumo na kumbukumbu zake nikavihamishia kwenye SSD ndogo, yaani diski isiyozunguka, ambayo ikikaa bure mara nyingi haifikishi wati moja. Kisha nikaandika amri hii ya Linux, hdparm -S 242 /dev/sdb, yaani diski ilale baada ya saa nzima ya kimya. Tangu hapo huamka mara tatu nne kwa siku, na kipima husoma 49 ikiwa imelala. Wewe weka jina la diski yako badala ya hilo langu.

Feni usizichomoe. Zifute vumbi, na kama BIOS inaruhusu zizunguke polepole, ziruhusu. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, umeme wake hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Ukishapunguza joto la ndani, zenyewe zitatulia.

Halafu jiulize, usiku saa nane nani anaangalia filamu? Yangu hujizima saa tano usiku na kujiwasha saa kumi na mbili alfajiri. Amri ni rtcwake -m off -s 25200, ambapo 25200 ni sekunde za saa saba, na nimeipanga ijiendeshe kila usiku. Nakala za kompyuta nimezihamishia jioni. Siku mtu akiihitaji usiku, naiamsha kwa simu kupitia mtandao wa nyumbani. Huduma hiyo huitwa Wake-on-LAN, unaiwasha kwenye BIOS, na seva iwe imeunganishwa kwa kebo. Ikiwa imezimwa bado hunyonya wati 3 hivi ili isikie mwito. Pamoja na hizo, mwaka wangu sasa ni uniti 312 badala ya 1,034.

Kuhusu kompyuta ndogo, swali lako ni zuri lakini liulize mwishoni. Mashine ndogo yenye prosesa ya laptopu inaweza kukaa bure kwa wati 6 mpaka 10. Ukishamaliza kuipunguza seva yako, toa wati za ile ndogo kwenye namba itakayobaki, zidisha kwa 8.76, kisha kwa bei ya uniti moja unayolipa. Ikiwa unazima usiku, punguza kulingana na saa zinazowaka. Hayo ndiyo mapato ya mwaka mmoja. Bei ya mashine ikirudi ndani ya miaka miwili, nunua, ila uhakikishe diski zako zina mahali pa kuingia, maana nyingi za hizo ndogo hazina nafasi ya hata diski moja ya inchi 3.5. Ikihitaji miaka sita, baki na hiyo uliyo nayo.

Anza na kadi ya picha Jumamosi hii. Niandikie namba mbili, ya kabla na ya baada, na umwonyeshe baba watoto kipima kinavyoshuka.