Libby hakushtakiwa kwa kuvujisha jina la Plame

Wapo wanaodhani Libby, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya Makamu wa Rais wa Marekani Dick Cheney, alihukumiwa kwa kulivujisha jina la Valerie Plame, afisa wa siri wa shirika la ujasusi la CIA. Hapana, hakuwahi hata kushtakiwa kwa hilo. Hati ya mashtaka ya Oktoba 2005 ilikuwa na makosa matano, yote ya kuuvuruga uchunguzi wa uvujaji huo: kuzuia haki kutendeka, uongo chini ya kiapo na uongo mbele ya FBI. Machi 2007 jopo la raia waamuzi (jury) lilimtia hatiani kwa manne, moja akaachiwa. Sheria ya 1982 inayolinda majina ya majasusi inabana mno: lazima uthibitishe mtuhumiwa alijua kwamba afisa yule yuko kwenye kazi ya siri na kwamba serikali inamficha. Uongo wa kiapo una kumbukumbu za maandishi, huo unathibitika. Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje aliyemdokezea kwanza mwandishi wa habari Robert Novak jina hilo, hakushtakiwa; Karl Rove, mshauri wa Rais Bush, vilevile.

Ila waliomtetea Rove asiondolewe Ikulu kwa hoja ya "hana hatia mpaka ithibitike" walichanganya mambo. Kanuni hiyo inaifunga mahakama. Rais anaweza kumwondoa msaidizi au kumnyima nyaraka za siri bila kusubiri hukumu.